Glasgow ya Sultani: manowari iliyozamia mlangoni kwake

Ndugu yetu mmoja wa Tanga kaniandikia hivi: "Shikamoo mtaalamu. Kila nikisoma habari za ile vita ya dakika 38 ya Zanzibar naona inatajwa meli ya Sultani inaitwa Glasgow, wanasema ilizamishwa, basi, wanapita. Naomba kujua Sultani wa Zanzibar aliipata wapi manowari yenye jina la mji wa Uskoti, ilikuwa na nguvu kiasi gani, kwanini ilizama haraka vile, na je ni kweli mpaka leo bado iko chini pale mbele ya Forodhani?"

Marahaba ndugu yangu. Swali lako limenigusa manake hii vita ya 1896 kati ya Zanzibar na Waingereza watu wengi wanaihadithia kwa kucheka, dakika 38, vita fupi kuliko zote duniani, haha, basi. Wakati wewe umeuliza habari za meli, na ukiuliza habari za meli lazima uwaulizie na watu waliokuwa ndani yake. Ntakujibu kwa urefu, vumilia.

Tuanze na jina. Watu wanaona ajabu meli ya Sultani kuitwa Glasgow lakini kwa ukoo ule haikuwa ajabu hata kidogo. Babu yao, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa na jahazi za kivita kubwa zilizojengwa Bombay kwa mbao za msaji, na kubwa yao moja ilikuwa inaitwa Liverpool, ndiyo hiyo aliyomzawadia mfalme wa Uingereza William wa 4 mwaka 1836, Waingereza wakaichukua wakaibadilisha jina wakaiita Imaum. Meli yake nyingine, Sultana, ilienda mpaka New York mwaka 1840 na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Nakwambia haya ili uelewe kwamba hawa hawakuwa watu wa kushangaa meli, hii ilikuwa dola ya bahari, imeishi kwa bahari, na mtawala wake alipimwa kwa vyombo vilivyotia nanga mbele ya nyumba yake.

Sasa njoo kwa Sayyid Barghash, mtoto wa Said, aliyeshika utawala mwaka 1870. Hajakaa sawasawa, tarehe 15 Aprili 1872 ikapiga tufani Unguja ambayo wazee walikuja kuhesabia nayo miaka. Minazi ikalala chini, mikarafuu ya Unguja ikang'oka (ya Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa), na meli za Sultani zilizokuwa bandarini zikapondwapondwa. Kwa siku moja Sultani akawa hana jeshi la majini. Hebu fikiria, mwaka unaofuata, 1873, ndiyo mwaka Waingereza walimbana mpaka akasaini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia usafirishaji wao baharini, yani kipindi ambacho manowari za watu zinaingia na kutoka bandarini kwako na wewe mwenyewe huna hata moja ya maana.

Katika hizo zilizokuja mwaka 1873 ilikuwemo frigeti (aina ya manowari) ya Kiingereza inaitwa HMS Glasgow, meli ya mbao, ya mvuke na matanga, iliyoshushwa majini Portsmouth mwaka 1861, wakati huo ndiyo meli ya admirali wa kikosi chao cha upande wa India. Barghash akaipenda. Akataka yake ya mtindo ule ule, ila iongezwe starehe za kifalme ndani. Kwaiyo ndugu yangu hapo ndipo jina lilipotoka: meli ya Sultani imerithi jina la frigeti iliyomvutia, na ile frigeti ndiyo iliyobeba jina la mji. Kwa bahati tu na ya Sultani nayo ikajengwa hukohuko Uskoti, ikawa tayari 1878. Zile herufi HHS unazoziona mbele ya jina maana yake ni meli ya Mtukufu Sultani, kama wao walivyoandika HMS kwa meli za Malkia wao.

Sasa tuitazame yenyewe. Mifupa yake ilikuwa ya chuma na ubavu wa mbao za msaji, ina milingoti 3 na matanga kamili, katikati dohani moja, chini injini ya mvuke na propela. Bamba la chuma la kuzuia risasi ubavuni haikuwa nalo. Silaha zake ni mizinga 7 ya ratili 9, yani kombora lake lina uzito wa ratili 9, ile ya kujazwa kwa mdomoni, pamoja na bunduki moja ya Gatling ya kuzungusha kwa mkono, na silaha hizi zilikuwa zawadi kutoka kwa Malkia Victoria. Hilo la zawadi naomba uliweke akilini, tutalirudia.

Wengi wanaiita manowari, na mimi mwenyewe nimeiita hivyo hapo juu kwasababu ilikuwa na mizinga na bendera, lakini ukiniuliza kwa ukweli kabisa ilikuwa ni meli ya kifahari ya mfalme yenye mizinga ya kupigia saluti. Inasemekana Barghash alipoiona hakuridhika nayo. Ikatia nanga mbele ya jumba na pale ikabaki, mwaka baada ya mwaka, karibu miaka 18, huku meli zake zingine za mvuke zisizo na fahari yoyote ndiyo zikifanya kazi za kupeleka mizigo na abiria mpaka Bombay. Glasgow ikawa kama samani ya bandari.

Na kuna siku moja naifikiria sana kuhusu hii meli, siyo hata siku iliyozama. Ni Agosti 1885. Wajerumani walikuwa wameshasaini mikataba yao na machifu huko bara, Barghash kapinga, basi Berlin ikaleta kikosi cha manowari 5 zikatia nanga mbele ya jumba lake na mizinga imeelekezwa dirishani, na katika msafara huohuo wakamleta dada yake mwenyewe Sayyida Salme aliyekuwa ameolewa na Mjerumani miaka mingi nyuma. Glasgow ilikuwepo. Ingefanya nini? Ipige na mizinga yake saba? Barghash akakubali, na bara ikaenda. Mimi kila nikisoma hapo naona vita ya 1896 ilikuwa imeshaamuliwa siku ile, manake kila mtu aliyekuwa pwani alishuhudia kwamba mwenye bandari hawezi tena kuamua nani atie nanga bandarini kwake. Barghash akafariki 1888, na 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na katika makubaliano ya himaya ile Waingereza walitaka Sultani yeyote mpya apate idhini ya konsoli wao, yani mwakilishi wa serikali yao pale Zanzibar, kwanza kabla hajakalia kiti.

Sasa twende kwenye siku yenyewe. Tarehe 25 Agosti 1896 kabla ya adhuhuri akafariki ghafla Sultani Hamad bin Thuwaini. Binamu yake Khalid bin Barghash, mtoto wa yule yule Barghash aliyeagiza Glasgow, akaingia jumbani bila kusubiri ruhusa ya konsoli, Hamad akazikwa mchana uleule na mizinga ya saluti ikapigwa kumtangaza Sultani mpya. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed. Konsoli aliyekuwepo, Basil Cave, akaomba ruhusa London kwa telegrafu, na bandarini zikazidi kukusanyika meli zao: Philomel na Thrush zilikuwepo, ikaja Sparrow, tarehe 26 zikaja Racoon na St George akiwemo Admirali Harry Rawson. Khalid naye akajaza watu jumbani, wanakadiriwa karibu 2,800, askari na watumishi na watumwa na raia waliomuunga mkono, wakaziba milango kwa masanduku na marobota, wakatoa mizinga nje ikaelekezwa baharini. Meli za biashara zikaamriwa ziondoke bandarini. Glasgow ikabaki palepale ilipozoea, safari hii mizinga imejazwa.

Usiku ule wa kuamkia tarehe 27 konsoli wa Marekani, Mohun, aliandika kwamba mji ulikuwa kimya cha kutisha, kwa kawaida unasikia ngoma au watoto wanalia lakini usiku ule hapakuwa na sauti kabisa. Wewe unayeijua Unguja jua maana yake, mji ule haunyamazi.

Asubuhi Khalid akatuma ujumbe kwamba hatuna nia ya kushusha bendera yetu na hatuamini kama mtatupiga. Cave akajibu kwamba hatupendi kupiga ila msipofanya mlivyoambiwa tutapiga. Muda uliowekwa ulikuwa saa 3 kamili asubuhi. Saa 3 na dakika 2 Racoon, Thrush na Sparrow zikafungua mizinga kwenye jumba, na risasi ya kwanza ya Thrush ikaung'oa mzinga mmoja wa Khalid palepale.

Na saa 3 na dakika 5 Glasgow ikapiga St George.

Hapa naomba tusimame kidogo ndugu yangu sababu hapa ndipo watu wanapita haraka. St George ilikuwa krusa, yani manowari kubwa ya kasi, ya chuma iliyoshushwa majini 1892, tani zaidi ya 7,000, mizinga yake miwili mikubwa ilikuwa na kipenyo cha inchi 9.2 na kombora lake moja ni ratili 380, yani kilo 170 na ushee, alafu ina mizinga mingine 10 ya inchi 6 ambayo kombora lake ni ratili 100. Kombora la mzinga wa Glasgow ni ratili 9, kilo 4 hivi. Halafu siyo uzito tu, ni namna ya kujaza. Mzinga wa Glasgow ukishapiga, mpiga mzinga anatakiwa ausafishe mdomo kwa brashi ndefu, aingize baruti, aingize kombora, alisukume mpaka chini, ulengwe upya ndiyo upige, na wakati wote huo watu wamesimama wazi kwenye sitaha. Kule upande wa pili mzinga unafunguliwa nyuma, kombora ndani, unafungwa, unapiga, watu wako nyuma ya ngao za chuma. Na Glasgow yenyewe iko kwenye nanga, haiwezi kukwepa, kuwasha boila mpaka mvuke upatikane ni kazi ya masaa, kwaiyo ilipigana imesimama kama nyumba.

Na bado wakapiga. Walikuwa wanaiona St George pale mbele yao na kila mmoja mle ndani alikuwa na macho. Sijui wewe utawaitaje lakini mimi siwezi kuwacheka watu wale. Kuna wanaosema walikuwa wajinga hawakujua nguvu ya adui, siyo kweli, watu wa bandari ile walikuwa wamekaa na manowari za Kiingereza miaka yote, wanazijua kwa majina, neno manowari lenyewe tumelipata kwa mabaharia wao. Walijua. Walipiga sababu jumba la bwana wao lilikuwa linapigwa mbele yao na wao ndiyo walikuwa jeshi lote la majini la Zanzibar.

St George ikajibu. Ubavu wa msaji hauwezi kuhimili kitu kama kile, makombora yakatoboa kwenye usawa wa maji na chini yake, bahari ikaingia. Boti mbili ndogo za mvuke za Sultani nazo zilizamishwa na Thrush baada ya mabaharia wa boti hizo kuifyatulia bunduki. Glasgow ikiwa inakwenda chini mabaharia wake wakapandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha wamesalimu amri, na Waingereza wakashusha mashua wakawaokoa. Wote waliokolewa, na hili nalitaja kwa moyo mkunjufu kabisa, mabaharia kwa mabaharia waliokoana ndani ya asubuhi ileile. Meli ikakaa chini kwenye mchanga, na kwa vile bandari pale si ya kina kirefu milingoti yote 3 na dohani vikabaki vimesimama juu ya maji.

Umeona sasa lile la zawadi. Mizinga aliyoitoa Malkia Victoria ndiyo iliyoipiga meli ya Malkia Victoria, na meli ya Malkia Victoria ndiyo ikaizamisha. Na jumbani vilevile, kati ya mizinga ya Khalid kulikuwa na miwili aliyoizawadia Kaiser Wilhelm wa 2 wa Ujerumani. Zanzibar ya wakati ule ilikuwa imejaa zawadi za wafalme, na zawadi zile zote zilikuwa za kizamani kulinganisha na vitu walivyobaki navyo watoaji.

Mizinga ikanyamaza kama saa 3 na dakika 40, ndiyo hizo dakika 38 zinazotajwa. Nchi kavu ndiko kulikokuwa na msiba. Jumba la Beit al-Hukm na sehemu ya wanawake iliyoungana nalo vilikuwa na mbao nyingi, vikashika moto na watu ndani, na wanaume kwa wanawake wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza baharia mmoja wa Thrush aliumia vibaya, akapona. Mjini nako kukawa na uporaji maduka ya Wahindi yakavunjwa, wakafa watu kama 20 zaidi, mpaka wakaletwa askari wa Kisikh kutoka Mombasa kutuliza. Na waliomuunga mkono Khalid wakalipishwa gharama za makombora waliyopigiwa pamoja na hasara za uporaji, rupia 300,000. Hiyo sentensi isome mara mbili.

Khalid mwenyewe akakimbilia kwa konsoli wa Kijerumani. Waingereza wakazunguka nje wakimsubiri akanyage ardhi ya Zanzibar wamkamate, mpaka tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa sana mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikaja mpaka kwenye ngazi za ubalozi, akapanda bila kugusa ardhi ya Zanzibar, huyo, Dar es Salaam. Alikaa huko mpaka vita vya kwanza vya dunia Waingereza wakamkamata 1916, wakampeleka St Helena alafu Shelisheli, baadaye wakamruhusu arudi Mombasa na akafia hapo mwaka 1927. Hamoud akawa Sultani mchana uleule wa tarehe 27.

Sasa swali lako la mwisho, je bado ipo? Kipande ndiyo, meli nzima hapana. Ilikaa vile na milingoti yake nje mpaka 1912, miaka 16, kila chombo kinachoingia bandarini kinaizunguka, na nadhani watoto wengi wa Mji Mkongwe wa wakati ule walikua wakidhani milingoti ile ni sehemu ya bahari kama mwamba. Mwaka 1912 kampuni ya kuopoa meli ikaikatakata na sehemu kubwa ikaenda kutupwa baharini. Yaliyobaki mahali pake ni mabaki tu chini, vyuma vyuma, na wapiga mbizi wanashuka kuyaona. Kwaiyo mtu akikwambia Glasgow nzima iko chini mbele ya Forodhani na mizinga yake mwambie amechelewa zaidi ya karne.

Na usichanganye na Pegasus, wengi wanachanganya hata watembeza wageni. Pegasus ni krusa ya Kiingereza iliyopigwa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914 na Königsberg ya Wajerumani wakati boila zake zinatengenezwa, wakafa mabaharia 38. Hiyo ni vita nyingine kabisa, na Königsberg yenyewe ikaja kumalizwa Rufiji 1915. Ukienda Fort Jesus Mombasa utakuta mzinga wa Pegasus na wa Königsberg vimewekwa pamoja. Wa Glasgow mimi sijawahi kuuona popote.

Nikuachie kitu kimoja cha manufaa, manake kwenye barua yako, sehemu ambayo sikuinukuu hapo juu, ulisema babu yako ana picha za zamani za Unguja. Ukipata picha ya bandari yenye milingoti 3 na dohani vinatoka majini bila meli chini yake, hiyo ndiyo Glasgow, na picha imepigwa kati ya Agosti 1896 na 1912, huhitaji tarehe nyuma. Ukipata ambayo meli yenyewe inaelea angalia nchi kavu mbele ya majumba, utaona mnara wa taa umesimama peke yake, ule ndio ulioharibiwa siku ileile, baadaye ndiyo wakajenga mnara wa saa ukaungana na Beit al-Ajaib, huu ulioanguka Desemba 2020. Meli inaelea na mnara uko peke yake basi ni kabla ya 1896. Zitazame taratibu hizo picha, na kama kuna yenye meli inaelea naomba unitumie nakala yake, nimeitafuta iliyo safi miaka mingi.